Dawa za kupaka za kuotesha nywele: namna ya kutambua maudhi yake na kujikinga na madhara

Anayeanza kupaka dawa ya kuotesha nywele huwa na swali moja kubwa moyoni, nalo ni kama nywele zitarudi. Swali la pili, yaani nini kitatokea kwenye ngozi yake, moyo wake na watu anaolala nao nyumba moja katika miezi ya kungojea matokeo, humjia baadaye, mara nyingi wakati kichwa kimeshaanza kuwasha. Mwongozo huu unashughulikia swali hilo la pili. Umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kigoma, awe Mwanga, Ujiji, Katonga au huko Kasulu na Uvinza, ambako si rahisi kumpata daktari bingwa wa ngozi na ambako chupa nyingi hununuliwa kabla mtu yeyote mwenye ujuzi hajakitazama kichwa chenyewe.

Tangu mwanzo nitatenganisha mambo mawili. Maudhi ni yale yanayokera lakini yanavumilika, na mengi hupungua yenyewe au kwa marekebisho madogo. Madhara ni yale yanayokulazimu kuacha dawa, na baadhi yake yanakulazimu kwenda hospitali siku hiyohiyo. Watu wengi huumia kwa kuyachanganya: huacha dawa kwa sababu ya maudhi yaliyokuwa karibu kwisha, au huvumilia madhara wakidhani ni dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Kwanza, jua kichwa kina nini

Dawa iliyo salama kwa tatizo moja huweza kudhuru ikipakwa kwenye tatizo jingine, na ndiyo maana hatua hii inatangulia kununua. Nywele zikiwa zimepungua polepole kwa miaka, utosini au kwenye pembe za paji la uso, na ngozi yake ni laini bila magamba wala maumivu, hasa kwa mtu ambaye baba au wajomba zake walikuwa na upara, hiyo kwa kawaida ndiyo hali inayotibiwa kwa minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele. Doa la mviringo lililotokea ghafla, lisilo na unywele hata mmoja, ni jambo jingine. Hapo kinga ya mwili inashambulia mashina ya nywele zake yenyewe. Wapo wanaoambiwa kwamba wamenyolewa usiku na watu wabaya, wakapoteza miezi mingi wakipakwa vitu vinavyounguza.

Mapunye ya watoto, yenye magamba na nywele zilizokatika karibu kabisa na ngozi, ni ugonjwa wa fangasi. Hayaponi kwa kupaka peke yake kwa sababu fangasi wamo ndani ya unywele wenyewe, hivyo mtoto huhitaji dawa ya kunywa kama griseofulvini, ambayo kwa kawaida hutumiwa kwa wiki 6 hadi 8 kwa maelekezo ya mganga wa hospitali. Kumpaka mtoto huyo dawa ya kuotesha nywele ni kumwongezea tatizo.

Mama aliyejifungua huweza kuona nywele zikinyonyoka kwa wingi miezi 2 hadi 4 baadaye, na kwa kawaida hurudi zenyewe mtoto anapokaribia kutimiza mwaka. Aliyepona homa kali, iwe ya taifodi au malaria, huona hali hiyohiyo baada ya miezi 2 au 3. Hawa hawahitaji chupa yoyote. Wanahitaji subira, chakula cha kutosha na, pale inapobidi, kipimo cha damu ili kujua kama wana upungufu wa madini ya chuma. Nywele zilizoisha pembeni mwa uso kwa sababu ya rasta na misuko inayobana huhitaji msuko ulegezwe kabla ya jambo lingine lolote.

Hali moja naitaja kwa msisitizo kwa sababu hupuuzwa sana. Mwanamke ambaye utosi wake unawaka, unauma ukiguswa, na ngozi yake imekuwa nyororo inayong'aa bila vitundu vya nywele, huenda ana ugonjwa unaoacha kovu, na mahali penye kovu nywele hazioti tena. Huyo asianze kujipaka kitu. Amwone daktari, kwani lengo la tiba yake ni kuokoa nywele zilizobaki.

Pili, jua kilichomo ndani ya chupa

Majina ya dawa nitayaandika kwa Kiswahili, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua kwenye kibandiko. Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha ya kupanda, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1979. Waliokimeza waliota nywele mwilini, na kutokana na hilo ikatengenezwa dawa ya kupaka kichwani, iliyoidhinishwa nchini humo mwaka 1988 ikiwa na nguvu ya asilimia 2, kisha ya asilimia 5 kwa wanaume mwaka 1997. Historia hii ina maana kwako wewe unayeishika chupa leo: dawa iliyoanza kwa kulegeza mishipa ya damu haijasahau kazi yake ya kwanza, na ikipenya mwilini kwa wingi itashusha presha na kuuharakisha moyo. Kwenye ngozi nzima, kiasi kinachopenya ni kidogo sana, kama asilimia moja na nusu tu ya kilichopakwa. Kwenye ngozi yenye michubuko, vidonda au iliyobabuka kwa jua, kiasi hicho huongezeka.

Kundi la pili ni krimu na losheni za steroidi, kama klobetasoli na betamethasoni, ambazo madaktari huziandika kwa doa la mviringo na kwa magonjwa yenye uvimbe wa ngozi. Kundi la tatu ni finasteridi ya kupaka, dawa inayopunguza homoni inayosababisha upara wa wanaume, ambayo siku hizi huuzwa kupitia simu ikiwa imechanganywa na minoksidili kwenye chupa moja. Shampuu ya ketokonazoli nayo hutumiwa kwa mba. Yenyewe huleta ukavu na kuwasha kidogo, na kwa wengi haina shida zaidi ya hiyo.

Kisha kuna chupa zisizo na jina la kiambato, asilimia, namba ya toleo wala tarehe ya kuisha muda, zile zinazouzwa mnadani na kwenye mabasi kwa maneno matupu. Ushauri wangu juu ya hizo ni mfupi: usizipake. Ukipata madhara, hata daktari mzuri hatakuwa na pa kuanzia, kwa kuwa hatajua umepaka nini. Dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, ndiyo ya kutafuta, na duka lenye mfamasia ndilo la kuulizia.

Unapofika dukani, sema mambo yako wazi hata kama kuna foleni. Ukimwambia mhudumu, "Shikamoo mama, nataka dawa ya nywele, lakini nameza dawa ya presha na moyo uliwahi kunisumbua," umeshajilinda kuliko yule anayenong'ona jina la dawa na kuondoka. Wenye ugonjwa wa moyo, wanaotumia dawa za presha, wajawazito, wanaonyonyesha na walio chini ya miaka 18 wasianze minoksidili bila daktari. Kwa mjamzito na anayenyonyesha jibu la kawaida ni kutoitumia kabisa. Pimwa presha na hesabu mapigo ya moyo kabla ya siku ya kwanza, ukiwa umetulia, kisha andika namba hizo. Zahanati yoyote inaweza kukusaidia kwa hilo.

Tatu, jaribu kwanza, kisha paka kwa kipimo

Kabla ya kupaka kichwani, tia tone moja sehemu ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni, mahali palepale, kwa muda wa wiki moja. Siku mbili hazitoshi kila mara, kwa sababu mzio wa ngozi huweza kuchelewa kujitokeza. Pakiwa pekundu au peusi kuliko ngozi ya jirani, pakivimba au kutoa vipele vyenye maji, dawa hiyo si yako. Jaribio hili ni rahisi, na nashangaa linavyorukwa na watu walio tayari kutoa fedha nyingi kwa chupa moja.

Kipimo cha kawaida cha minoksidili ya maji ni mililita 1 mara mbili kwa siku, jumla isizidi mililita 2. Wanawake kwa kawaida hupewa ya asilimia 2, au ya povu ya asilimia 5 mara moja tu kwa siku. Chupa isiyo na kifaa chake cha kupimia ipimiwe kwa bomba la sindano la mililita 1 lililoondolewa sindano, wala si kwa kumiminia kiganjani. Kuzidisha hakuoteshi nywele zaidi. Kunaongeza tu kiasi kinachoingia kwenye damu.

Paka kwenye ngozi kavu na safi, si kwenye nywele, ukianzia katikati ya eneo lililopungua kuelekea nje, kisha nawa mikono kwa sabuni. Mafuta ya mawese, ya nazi au ya nyonyo, kama unayapenda kwa kulainisha nywele, yafuate baada ya dawa kukauka. Yakitangulia, dawa haitaifikia ngozi vizuri. Usipake siku ambayo umetiwa relaksa au rangi, wala siku moja kabla na moja baada yake, na usipake mara baada ya kunyolewa kwa wembe mpaka mikwaruzo ipone.

Dawa inahitaji kama saa nne kichwani bila kulowa. Kwa hiyo anayekwenda kuoga au kuogelea ziwani apake baada ya hapo, kichwa kikishakauka. Kwa Waislamu, ambao ni wengi Ujiji na Kigoma mjini, kupangusa kichwa wakati wa kutia udhu huweza kuiondoa dawa kila mara, na njia nyepesi ni kupaka baada ya sala ya alfajiri, kwani hadi adhuhuri muda unatosha, na tena baada ya isha, saa mbili au zaidi kabla ya kulala. Kofia, mtandio au wigi visivaliwe mpaka kichwa kikauke. Kufunika ngozi ikiwa bado mbichi huongeza upenyaji wa dawa na pia huongeza mwasho.

Maudhi ya ngozi, na mara nyingi kosa si la dawa yenyewe

Kuwasha, kuchonyota, ukavu na magamba meupe ndiyo malalamiko ya kawaida kuliko yote. Kabla ya kuilaumu minoksidili, soma orodha ya viambato kwenye boksi. Dawa nyingi za maji huyeyushwa katika spiriti na kitu kinachoitwa propilini glaikoli, na hiki ndicho mara nyingi kinachosumbua ngozi. Dawa ya povu kwa kawaida haina propilini glaikoli, hivyo mtu aliyewashwa na ya maji huweza kuitumia ya povu bila shida. Ni vyema kulijua hili, kwa sababu wapo walioambiwa kwamba mwili wao umeikataa dawa, ilhali ulichokataa ni kimiminika kilichoibeba.

Mwasho mdogo unaotokea dakika chache baada ya kupaka kisha ukaisha, na magamba yasiyo na uwekundu, ni maudhi. Osha kichwa kwa shampuu laini mara mbili au tatu kwa wiki, punguza kupaka hadi mara moja kwa siku kwa wiki moja au mbili, na angalia mwenendo. Magamba yanayobaki baada ya dawa kukauka huweza pia kuwa mabaki ya dawa yenyewe, ambayo huondoka kwa kuosha.

Mwasho usiokoma, vipele vinavyotoa maji, uvimbe unaoshuka kwenye kope na masikio, au ngozi inayopasuka na kuuma, hayo ni madhara. Osha kichwa kwa maji mengi ya kawaida na sabuni isiyo kali, acha dawa siku hiyohiyo, na usijaribu tena hadi uonwe na mganga wa hospitali. Usiukune kwa chanuo. Usipake juu yake kitu kingine cha kutuliza ulichoambiwa na jirani, kwa kuwa ngozi iliyojeruhiwa hupokea kila kitu, kizuri na kibaya. Anayeendelea kupaka minoksidili juu ya ngozi ya namna hiyo ndiye hasa anayejiweka karibu na madhara ya moyo nitakayoyaeleza baadaye.

Dawa ikiingia machoni itachoma kwa sababu ya spiriti. Suuza kwa maji baridi safi kwa dakika kadhaa bila kusugua.

Wiki za mwanzo nywele hupukutika zaidi

Hili ndilo linalowavunja watu moyo, nami naomba lisomwe polepole. Kati ya wiki ya 2 na ya 8 tangu kuanza minoksidili, watumiaji wengi huona nywele zikibaki kwenye chanuo na kwenye mto kuliko zilivyokuwa kabla. Unywele una msimu wa kukua na msimu wa kupumzika, na ule unaopumzika hukaa kichwani miezi kama mitatu kabla ya kuanguka. Dawa huliamsha shina lianze kukuza unywele mpya mapema, na ule wa zamani husukumwa nje kabla ya wakati wake. Kilichoanguka kilikuwa njiani kuanguka.

Hofu ya wakati huo huwapeleka watu kwenye makosa mawili. Wengine huacha, na hivyo wanakuwa wamepitia kero bila kufikia faida, ambayo kwa kawaida haianzi kuonekana kabla ya mwezi wa 4. Wengine hufanya jambo baya zaidi: hupaka mara nne kwa siku, au huongeza juu yake krimu nyingine, kitunguu saumu na kila walichosikia, wakiamini kwamba dozi ni ndogo. Nimewasihi wengi juu ya hili la pili na sitachoka kulirudia.

Ili usitishwe na macho yako, piga picha ya utosi siku ya kwanza, mahali penye mwanga uleule, kisha moja kila mwezi. Kumbuka pia kwamba mtu mwenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku bila dawa yoyote. Kupukutika kukiendelea kupita wiki ya 12, au nywele zikianza kutoka kwa mafungu pamoja na maumivu, si suala la kusubiri tena. Huenda sababu ya kunyonyoka si ile uliyodhani mwanzoni.

Nywele usoni, na hatari kwa wengine nyumbani

Wanawake hukutana na jambo hili kuliko wanaume: malaika, yaani nywele laini, wa kwenye paji la uso, mashavuni na mbele ya masikio huanza kuwa weusi na warefu. Mara nyingi chanzo ni dawa iliyochuruzika kutoka kichwani, au iliyohamia kwenye mto kisha usoni. Tumia kipimo sahihi, paka mapema kabla ya kulala, futa kwa kitambaa chenye maji kile kilichoshuka usoni, na badilisha foronya mara kwa mara. Kwa wengi nywele hizo hupungua zenyewe ndani ya miezi michache baada ya kuacha dawa.

Kinachotokea kwenye shavu lako kinaweza kutokea kwenye ngozi ya mtoto unayelala naye. Watoto wachanga wameota nywele mwilini baada ya kugusana mara kwa mara na mzazi aliyepaka minoksidili kichwani, na mamlaka za dawa za Ulaya zimetaka onyo hilo liwekwe kwenye maelezo ya dawa. Katika nyumba ambazo mama, baba na mtoto hulala chini ya chandarua kimoja, aliyepaka asimlaze mtoto kichwani pake au begani, na asimruhusu achezee nywele zake mpaka ziwe zimekauka na kuoshwa. Chupa yenyewe ifungiwe mahali pa juu. Mtoto akiinywa, hata kidogo, presha yake huweza kushuka vibaya. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa, bila kutapishwa na bila kusubiri dalili.

Paka nao wako hatarini. Minoksidili ni sumu kwa paka, na hata kiasi kidogo alicholamba kwenye mto au kitambaa huweza kumuua. Mwenye paka wa kukamata panya ndani alizingatie hilo.

Na kuna moto. Dawa ya maji na ya povu huwa na spiriti, inayowaka kwa urahisi. Usipake ukiwa karibu na jiko la mkaa, koroboi, mshumaa au sigara, wala usiinamie jiko la kupikia dagaa huku kichwa kikiwa bado kibichi. Kwa sababu hiyohiyo, usiiache chupa chini ya bati lenye joto wala juani. Kibandiko hutaja kiwango cha joto ambacho dawa haipaswi kukivuka.

Dalili zinazotoka kichwani na kuingia mwilini

Hizi ni chache kwa anayepaka kwa kipimo kwenye ngozi nzima, lakini ndizo zenye uzito. Kizunguzungu unaposimama, kuzimia, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuvimba kwa mikono, miguu au uso, na uzito unaoongezeka ghafla bila sababu: ukipata mojawapo ya hayo, acha dawa, osha kichwa, na nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kwa maumivu ya kifua, kuzimia, kupumua kwa shida au uso uliovimba, usipitie kwanza duka la dawa. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni kama uko mjini, au hospitali ya wilaya iliyo karibu nawe.

Hapa ndipo namba ulizoandika kabla ya kuanza zinapokuwa na kazi. Wagonjwa waliopewa minoksidili ya vidonge huelekezwa kumweleza daktari mapigo ya moyo yakiongezeka kwa 20 au zaidi kwa dakika kuliko kawaida yao, na kipimo hicho ni busara pia kwa anayepaka. Hesabu asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kazi, mara moja kwa wiki katika miezi miwili ya mwanzo. Mvuvi anayekesha ziwani awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa kizunguzungu kidogo cha nchi kavu huweza kuwa ajali ndani ya mtumbwi.

Finasteridi ya kupaka ina tahadhari zake. Mwezi Aprili 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya mchanganyiko huo, ikieleza kwamba ilikuwa imepokea taarifa 32 za madhara kati ya mwaka 2019 na 2024, zikiwemo za kupungukiwa nguvu za kiume, msongo, huzuni kubwa, kukosa usingizi na mawazo ya kujiua, na kwamba hakuna finasteridi ya kupaka iliyoidhinishwa nchini humo. Kuipaka hakumaanishi kwamba inabaki kwenye ngozi. Mwanamke mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, asiiguse kabisa, hata kwenye mto wa mumewe, kwani huweza kuathiri maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Mwanaume anayeitumia na kuona mabadiliko ya moyo au ya chumbani amwambie daktari bila aibu, na kama anapata mawazo ya kujidhuru asikae peke yake; amwambie ndugu anayemwamini, naye ampeleke hospitali siku hiyo.

Steroidi na vitu vya jikoni

Krimu za steroidi zinauzwa kirahisi kupita kiasi, na baadhi ya watu wamezizoea kwa kujichubua. Zikipakwa kichwani kwa muda mrefu bila usimamizi, ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo huonekana, rangi hufifia kwenye mstari wa nywele, vipele vyenye usaha hujitokeza, na zikikaribia macho kwa miezi mingi huweza kupandisha presha ya jicho. Klobetasoli, iliyo miongoni mwa steroidi kali kabisa za kupaka, haipaswi kuzidi wiki 2 mfululizo wala gramu 50 kwa wiki bila daktari kuangalia upya. Zikipakwa kwenye mapunye, huficha uwekundu na kuupa ugonjwa nafasi ya kusambaa, hata mganga akija kuutazama baadaye hautambui kwa urahisi. Aliyezitumia kwa miezi asiziache ghafla peke yake. Aende aelekezwe namna ya kupunguza.

Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungiwa kichwani huunguza ngozi hadi kutoa malengelenge. Mafuta ya taa, ambayo bado hupakwa watoto wenye mapunye au chawa, huunguza pia, na moshi au moto ukiwa karibu ni hatari kubwa. Mafuta ya nyonyo hayana ukali huo, ingawa ni mazito na yamewahi kuzifunga nywele ndefu zikashikana kiasi cha kulazimika kukatwa. Mawese yetu ni chakula bora. Kichwani yanalainisha tu, na kwa mwenye mba nyingi huweza kuizidisha. Mafuta makali ya rozmari au karafuu yasipakwe bila kuzimuliwa ndani ya mafuta mengine.

Kuacha, na kutoa taarifa

Ukiacha minoksidili, nywele zilizotunzwa nayo huanza kupotea tena ndani ya miezi 3 au 4, na hili si madhara mapya bali ni hali ya awali kurejea. Anayejua kwamba hataweza kuinunua mwaka mzima afikirie hilo kabla ya chupa ya kwanza. Ukiacha kwa sababu ya madhara, usiitupe chupa wala boksi lake. Andika tarehe uliyoanza, kipimo ulichotumia, siku dalili zilipotokea na dawa nyingine ulizokuwa unameza, piga picha ya ngozi ilivyo kabla haijaanza kupona, na upeleke vyote kituoni. Mwombe mhudumu ajaze fomu ya taarifa ya madhara ya dawa inayokwenda TMDA. Ni haki yako kuomba, na hutozwi fedha kwa kuijaza.

Kama tatizo la ngozi halieleweki hapa, omba rufaa ya maandishi. Hospitali ya Bugando ya Mwanza hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa ya magharibi, na Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, ndani ya hospitali ya KCMC, kilichoanzishwa mwaka 1992. Safari ni ndefu, hivyo nenda na chupa, picha na karatasi yako ya tarehe, na kwa siku kadhaa kabla ya kuonwa usipake chochote kichwani wala usisuke, ili daktari aione ngozi ilivyo.